Pampu ya Juma, Chupa ya Zaituni

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa mkono wa mtu nisiyemjua niushike. Arua wakati ule haikuwa jiji. Ulikuwa mji mdogo wa miti mirefu na vumbi jekundu, na asubuhi ile ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye madirisha ya wodi ya upasuaji, hata vitanda vya mwisho vilionekana kama vinaelea. Katika kimoja alilala mkulima aliyekatwa mguu. Alikuwa akilia bila sauti, machozi yakimwingia masikioni. Nikasimama pale na gauni langu jeupe, ambalo mama alikuwa amelipiga pasi mara tatu, nikamwambia, "Nyamaza, baba, utapona."

Sista Mkuu, kiongozi wa wauguzi wote wa hospitali, alinivuta kando. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini.

"Candiru, mgonjwa akilia usimwambie nyamaza. Muulize ni wapi panauma."

"Na nikishajua ni wapi, Sista, nifanye nini?"

Aliangalia kabati la dawa, kisha akaniangalia mimi. "Kwa leo, mshike mkono."

Nilimshika mpaka ukungu ukapanda. Ndiyo ilikuwa dawa tuliyokuwa nayo kwa wingi. Kulikuwa na vidonge vya kupunguza homa na maumivu madogo, na sindano chache za pethidini, dawa kali ya maumivu, kwa aliyetoka chumba cha upasuaji. Zikiisha, zimeisha. Mwenye saratani, au mwenye mgongo uliovunjika na kuungana vibaya, tulimpa vidonge vilevile vya kichwa na kumwambia avumilie. Ninyi mnaoanza kazi leo mnaona chupa ya morfini kabatini kama mnavyoona pamba. Sisi tulifanya kazi miaka mingi kabla ya kuiona.

Baba yangu alikuwa askari, na Kiswahili changu nilikipata kambini, kabla ya Kilugbara cha bibi yangu. Bibi ndiye aliyenipa jina la Candiru, ambalo kwetu hupewa mtoto aliyezaliwa wakati wa mateso. Wagonjwa walipofahamu kuwa muuguzi wa maumivu anaitwa Mateso, walicheka hata walioumwa sana. Nilikubali wacheke.

Miaka ilikwenda. Siku moja Sista Mkuu aliniita ofisini akaniambia kuna kozi Kampala, karibu mwaka mzima, ya kufundisha wauguzi kutibu maumivu makubwa. Katika nchi yetu muuguzi aliyesoma kozi ile anaruhusiwa na sheria kuandika morfini yeye mwenyewe, bila kumngoja daktari, kwa sababu madaktari ni wachache na maumivu ni mengi. Nilikwenda. Huko nikafundishwa kwamba maumivu yana ngazi, na dawa nazo zina ngazi: chini kabisa vidonge vya kawaida, katikati dawa kama kodeini, juu morfini. Nikafundishwa kwamba kuna maumivu ya nyama na mfupa, na kuna maumivu ya mishipa ya fahamu, yanayochoma kama upupu au kupiga kama umeme, ambayo morfini peke yake haiyawezi, mpaka uongeze dawa nyingine ya kuituliza mishipa yenyewe.

Niliporudi sikukaa Arua. Nilipelekwa wilaya ya Koboko, kwenye kituo cha afya ambacho jina lake halina umuhimu hapa, nikapewa pikipiki na eneo lote linalokwenda Kuluba hadi karibu na mpaka. Nikifumba macho sasa naiona ile njia. Mlima Liru umekaa upande mmoja kama ng'ombe aliyelala. Mihogo, ufuta, tena mihogo. Asubuhi za kiangazi hewa ilikuwa nyeupe kwa moshi wa mashamba yanayochomwa, na mimi nilipita ndani yake polepole, chupa zikigongana nyuma yangu, nikifika nyumba moja baada ya nyingine kama mtu anayetembea usingizini.

Morfini yetu ilikuwa ya kunywa. Ni unga mweupe uliopimwa kwa mizani, ukachanganywa na maji safi, ukatiwa rangi ya kijani ili mtu asidhani ni maji. Ni chungu sana. Sheria yake ya kwanza ni kwamba unakunywa kwa saa, huyangoji maumivu. Ukiyangoja, yamekwisha kuingia ndani na kukaa, na kuyatoa ni kazi. Unakunywa kila baada ya saa nne mchana, na wakati wa kulala unakunywa mara mbili ya kipimo ili upate usingizi mpaka alfajiri. Sheria ya pili ni kwamba itakufunga choo, lazima upate dawa ya choo siku hiyohiyo. Kituo kikikosa dawa hiyo, mbegu za papai zilizokaushwa na kusagwa zilitusaidia. Sheria ya tatu ilikuwa ya watu, kwamba lazima kwanza waikubali, nayo ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu waliiita dawa ya kufia. Wengi waliniomba niondoke nayo kwa adabu kabisa, huku wakinikaribisha chai.

Mama Zaituni hakuniomba niondoke. Alikuwa mjane wa Kuluba, mkulima, mfumaji wa vikapu, mwenye saratani ya titi iliyokwisha kuingia kwenye mifupa ya nyonga na mgongo. Siku niliyoingia uani kwake alikuwa amejiinamia juu ya kigoda kwa sababu hakuweza kulala wala kukaa. Nilimuuliza ni wapi.

"Uliza ni wapi haiumi," alisema. "Hiyo ndiyo iko rahisi kujibu."

Nilimweleza habari za saa. Hakuwa na saa ya mkononi. Alifikiri kidogo, kisha akapanga dozi zake kwa sala: ya kwanza baada ya alfajiri, ya pili jua likifika juu ya paa la jiko, ya tatu baada ya adhuhuri, ya nne kabla ya magharibi, na ile ya mara mbili baada ya isha. Katika miaka yangu yote sikupata mgonjwa aliyeshika saa vizuri kuliko yeye. Baada ya wiki mbili nilimkuta ameketi kwenye mkeka, kikapu magotini. Dawa ilimletea ndoto. Aliniambia kila adhuhuri anavuka mto Kaya pamoja na mama yake, maji yanamfikia kifundoni, na upande wa pili hawafiki, lakini hana haraka ya kufika.

"Inakutisha?" nilimuuliza.

"Hapana, Sista. Maji iko baridi vizuri."

Ndugu yake alikuja katika mwezi wa kiangazi. Mzee Juma alikuwa mdogo wake wa pekee, dereva wa malori ya Juba enzi zake. Lori lilipinduka naye, mgongo ukavunjika, na binti yake Mariam, aliyekuwa ameolewa ng'ambo, akamchukua akatibiwe huko. Alipasuliwa mgongo mara mbili bila kupona. Vidonge vikubwa vilimlaza siku nzima na kumtapisha. Mwisho madaktari wa huko walimwekea pampu.

Niliiona kwa mara ya kwanza chini ya paa la Zaituni. Mzee Juma alipandisha kanzu, akauweka mkono wangu tumboni kwake, upande wa kulia. Chini ya ngozi kulikuwa na kitu cha duara, kigumu, chenye ukubwa wa kikopo cha mafuta ya kujipaka.

"Gonga," alisema. "Usiogope. Haiumi."

Alinieleza kwa ufundi wa dereva anayeeleza injini. Ndani ya kikopo kuna betri na dawa. Kutoka kwenye kikopo unatoka mpira mwembamba kama uzi, unazunguka chini ya ngozi mpaka mgongoni, unaingia kwenye maji yanayozunguka uti wa mgongo. Dawa inadondoka humo kidogo kidogo, usiku na mchana. Kwa kuwa inashuka palepale ambapo maumivu yanapita, tone moja hufanya kazi ya vijiko vingi vinavyopitia mdomoni. Kwa hiyo kichwa hakilewi sana, na choo hakifungi sana. Kila baada ya miezi miwili au mitatu muuguzi wa huko humchoma sindano juu ya ngozi, anapata tundu katikati ya kikopo, anakijaza.

Na alitembea! Mtu aliyevunjika mgongo alitembea kwa fimbo kutoka nyumbani kwa dada yake mpaka msikitini na kurudi, akisalimia kila ua. Nilimtazama akiondoka kwenye moshi mweupe wa asubuhi nikaona wivu, kusema kweli, kwa niaba ya watu wangu wote.

Zaituni naye aliona. Siku moja alinishika kiwiko. "Sista, kwa nini yeye wamewekea mashine, mimi naramba chupa?"

Nilimjibu kwa ukweli. Nilimwambia nchini kwetu sijui mtu wa kuiweka wala wa kuijaza. Nilimwambia hata huko huwekwa kwa wachache ambao dawa nyingine zimewashinda au zimewaumiza, maana ni kupasuliwa, na vijidudu vinaweza kuingia, na uzi unaweza kukatika au kupinda. Nilimwambia chupa yake inamfaa, maana inampa usingizi na inamwacha afume.

"Kwa hivyo chupa iko nzuri kuliko?"

"Sikusema hivyo, Mama. Kama ingekuwa hapa, ningekuombea."

Aliitika kwa kichwa taratibu. Nadhani aliridhika kwa sababu sikumdanganya.

Mzee Juma alikuwa amekuja kwa wiki sita. Wiki sita zikapita, Zaituni akadhoofika, yeye hakuondoka. Kila nilipomuuliza habari za safari alisema Mariam anashughulikia tiketi. Ijumaa moja, katikati ya hotuba msikitini, kikasikika kilio chembamba: tii-tii, tii-tii. Wanaume walipapasa mifuko yao wakazima simu. Kikalia tena. Imamu akanyamaza, akasubiri. Ndipo Mzee Juma alipoinuka kwa fimbo yake, mkono juu ya tumbo, akatoka nje akiwa ameinamisha kichwa, na sauti ikatoka pamoja naye. Jioni ile Kuluba yote ilizungumza juu ya "mutu anayepigiwa simu tumboni."

Aliletwa kituoni siku iliyofuata kwa bodaboda. Alinipa barua aliyokuwa ameikunja ndani ya pasipoti tangu afike. Daktari wake wa ng'ambo alikuwa ameandika kwamba pampu ikilia, dawa inakaribia kwisha. Ikiisha ghafla, mwili uliozoea dawa utapata msukosuko mkubwa, na maumivu yote yatarudi. Tarehe ya kujaza ilikuwa imebakiza siku chache.

"Mzee, ulijua?"

"Nilijua."

"Mariam anajua?"

"Mariam anajua mimi niko na dawa ya kutosha." Aliangalia sakafu. "Mimi ndiye nilimwambia hivyo."

Nilimpigia Mariam nikiwa pale. Alilia kwenye simu. "Sista, nakuomba, mpandishe ndege. Tiketi ninayo. Atakuwa hapa kabla ya dawa kwisha." Nikampa baba yake simu. Alisikiliza kwa muda mrefu, akasema, "Ndiyo, mama. Ndiyo, binti yangu," kisha akanirudishia simu na kusema haendi.

Nilitoka nje kupanga la kufanya. Niliporudi, Ofisa Tabibu wetu, aliyetibu wagonjwa pale kituoni badala ya daktari, alikuwa ameandaa sinia: sindano ndefu, glavu, pamba, chupa ndogo za morfini ya sindano. Huyu alikuwa mtu mwenye mikono mizuri kuliko wote niliofanya nao kazi, na moyo mzuri pia. Mzee Juma alikuwa amemwomba aijaze pampu, naye hakuwa mtu wa kukataa anayeumwa.

"Sista, mimi natoa maji ya uti wa mgongo kwa watoto wachanga," alisema. "Hiki ni kikopo. Nitakikosaje?"

"Kikopo hutakikosa. Tundu lake ni dogo, na hulioni. Ukilikosa, dawa ya miezi miwili inamwagika mwilini kwa dakika chache, na anaacha kupumua hapa mikononi mwetu. Na dawa hizi zetu zina vihifadhi vya kuzuia zisiharibike, hazikutengenezwa kwa kukaa kwenye uti wa mgongo."

"Sista, mwache," Mzee Juma alisema kutoka kitandani. "Hii tumbo iko yangu."

"Tumbo ni lako, Mzee. Sindano ni ya kituo."

Nililibeba lile sinia nikaliondoa. Vyuma viligongana njia nzima mpaka stoo. Niliporudi Ofisa Tabibu alikuwa ameketi pembeni ya kitanda, ametoa glavu, na Mzee Juma alikuwa akizungumza kwa sauti ya chini.

"Mama yetu alikufa mimi sijaota meno. Zaituni alinibeba mgongoni. Analima, niko mgongoni. Anateka maji, niko mgongoni. Wakati wa vita alinibeba mpaka Sudan, na yeye mwenyewe mtoto. Sasa anakufa. Mutu anabebwa namna hiyo, halafu anapanda ndege?"

Nje mvua ya kwanza ya mwaka ilikuwa inaanza, matone makubwa yakipiga bati moja moja.

Nilimpigia Mganga Mkuu wa Wilaya, mkuu wa afya yote ya Koboko. Alikuwa mtu wa maneno machache. "Hakuna mtu kugusa mashine hiyo. Hilo moja. La pili, hatuwezi kumfunga mtu kwenye ndege. Sista, wewe una chupa. Mtafute Daktari wa Ganzi, Arua."

Daktari wa Ganzi ndiye anayewalaza watu kwa upasuaji na kuwaamsha. Alikuja mwenyewe siku ileile, viatu vikiwa na matope, akaniambia ameona pampu kama ile akiwa masomoni, hajawahi kuijaza, wala chombo cha kuisoma na kuirekebisha kutoka nje ya ngozi hakipo popote karibu. Kupitia Mariam tulimpata daktari wa ng'ambo. Wawili wale walihesabu kipimo kwenye simu, mimi nikiandika. Hatari zilikuwa mbili, na zilikaa pande mbili za njia nyembamba. Tukimpa morfini ya mdomo mapema mno na nyingi, wakati pampu bado inadondosha, atalala asiamke. Tukichelewa, msukosuko utamkamata.

"Mtaanza na kidogo sana," Daktari wa Ganzi alisema. "Mtapandisha polepole. Hesabu pumzi zake kila saa. Akisinzia hata usiweze kumwamsha kwa jina, msimpe. Na hii ya presha," akanionyesha vidonge vidogo, "itapunguza kutetemeka."

Mariam alisema maneno mengi, mengine makali, kisha akasema, "Basi nishikieni baba yangu."

Tukamlaza. Siku ya pili kilio cha tumboni kilibadilika, kikawa cha haraka. Siku ya tatu mwili ulianza kumkataa. Jasho, kuhara, miguu ikirukaruka yenyewe, macho yakitoa machozi bila yeye kulia. Maumivu ya mgongo yalirudi kwa hatua, na kila hatua aliitaja: yamefika kiunoni, yamefika pajani, yamefika gotini. Chupa yangu hakuitaka. Alisema harufu yake inamtapisha, na ni dawa ya wanaokufa.

Ndipo Zaituni alipokuja. Sijui aliwezaje. Mkwe wake alimkalisha katikati kwenye bodaboda, akamfunga kwa kanga ili asianguke, wakaja taratibu njia yote ya matope. Tulimtandikia mkeka sakafuni, kando ya kitanda cha ndugu yake. Alipumzika kidogo, akatoa chupa yake kwenye kikapu, akapima kijiko chake.

"Juma."

"Naam, dada."

"Jua iko juu ya jiko. Kunywa."

"Iko chungu."

"Wewe uliendesha lori mpaka Juba, ukapita vita, leo unaogopa kijiko? Usinuse. Meza, halafu lamba chumvi." Akameza chake kwanza. Akamtolea chumvi iliyofungwa kwenye pembe ya kanga.

Akanywa kijiko nilichompimia. Kwa siku nne zilizofuata walikunywa pamoja kwa saa za Zaituni, yeye akiita, ndugu yake akiitika, mimi nikihesabu pumzi. Mchana mzito, mvua ikinyesha nje, wote wawili walisinzia kwa wakati mmoja. Nilikaa kati yao nikisikia pumzi mbili zikipishana, na sikujua tena ni saa ngapi wala ni mwaka gani. Mara moja Zaituni alifungua macho akasema, kama anayetoa habari za njia, "Leo Juma alikuwa na sisi mtoni." Akalala tena. Siku ya tano tangu Zaituni aje, kutetemeka kulikwisha, na pampu ilikuwa kimya, imekauka.

Sasa niwaambie kwa uaminifu, maana vijana hupenda hadithi ambayo dawa ya nyumbani inaishinda ya ng'ambo. Haikuishinda. Kwenye kipimo chetu cha maumivu, cha sufuri mpaka kumi, Mzee Juma aliishi na mbili akiwa na pampu. Kwa chupa yangu, na dawa ya mishipa niliyomwongezea, na mazoezi, na maji ya moto, tulimshusha mpaka tano, siku nzuri nne. Msikitini hakufika tena kwa miguu, alipelekwa kwa bodaboda. Alisinzia katikati ya maneno. Alikula mbegu za papai akilaani. Maumivu yake yalikuwa ya mishipa zaidi, na chupa ile ile iliyomfaa dada yake kwa saratani ya mifupa, kwake ilikuwa koti lisilomtosha mabegani. Tofauti ni kwamba chupa ilipoisha nilileta nyingine kwa pikipiki. Kikopo chake kilipoisha, hapakuwa na mtu kuanzia Koboko mpaka Arua aliyejua kukijaza.

Lakini alikuwepo. Waliishi wote miezi mitatu kwenye ua mmoja. Zaituni alipokuwa hawezi kushika kijiko, Juma alimnywesha, kisha akanywa chake. Zaituni alifariki asubuhi ya mvua, baada ya alfajiri, dawa ya kwanza ikiwa imekwisha kumezwa. Mkono wake ulikuwa ndani ya mkono wa ndugu yake. Nilifika wakati majirani wanaingia uani. Mzee Juma aliniambia, "Hakuita jina langu. Alikuwa mbali. Lakini hakuumwa, Sista. Niliangalia uso. Hakuumwa."

Baada ya arobaini alikwenda. Mariam alikuja kumchukua mwenyewe. Nilimwandikia barua ya kipimo chake na kumpa chupa za safari, zenye karatasi na muhuri. Aliponiaga aliona haya kidogo, kama anayetoroka kazi. Nilimwambia, "Mzee, nenda ukalale vizuri." Nilimaanisha. Huko waligundua pampu ilikwisha kuharibika kwa kukauka, wakamwekea mpya. Alinipigia simu akiwa hospitalini.

"Ngapi, Mzee?"

"Mbili, Sista. Leo asubuhi, moja."

Nilikwenda nje, nikasimama kwenye jua, nikafurahi. Halafu nikawaza watu wangu wa Kuluba wenye tano na sita zao, na furaha ikabaki, ila imekaa upande.

Mwaka uliofuata nilistaafu. Kulikuwa na keki, hotuba ya Mganga Mkuu ya dakika mbili, na picha. Tangu hapo wauguzi wadogo huja nyumbani kwangu Arua kuniuliza, na swali lao la kwanza huwa ni lipi bora, pampu au chupa. Nawajibu kwamba wamuulize mgonjwa kwanza anaumwa na nini, kisha anakaa wapi, kisha nani yuko karibu naye, na kwamba pampu nzuri pasipo mtu wa kuijaza ni chuma tumboni. Nawaambia pia waitake hiyo pampu. Wasiseme chupa inatutosha kwa sababu tu ndiyo tuliyo nayo. Mimi nilianza kazi nikiwa na mkono wangu tu, na nisingependa mtu aniambie ulitosha.

Mwezi niliostaafu ndio familia ilipofanya dua ya mwaka ya Mama Zaituni. Mzee Juma alinipigia simu akaniomba niende kwa niaba yake. Nilipanda gari la abiria mpaka Koboko, halafu bodaboda. Ua ulikuwa umefagiwa, mikeka imetandikwa, na wanawake walikuwa wakipakua wali na nyama. Mimi Mkristo, nilijifunga kitambaa kichwani, nikakaa mwishoni. Bibi mmoja nisiyemfahamu aliniuliza mimi ni nani katika familia.

"Nimekaa mahali pa Juma," nilimwambia.

Akasogea, akanipa nafasi mbele.

Walipoanza kusoma nilipiga ile namba ya ng'ambo, nikaiweka simu katikati ya mkeka. Ilikuwa adhuhuri yenye joto, sauti za wasomaji zikipanda na kushuka, nzi wakielea, watoto wamelala kwenye mapaja. Niliinama karibu nijue kama Mzee Juma anasikia. Nilisikia pumzi yake, ndefu, imetulia, pumzi ya mtu ambaye mwilini hakuna kinachomuuma. Nikasikia kwamba analia.

Sikumwambia anyamaze. Niliiacha simu pale mpaka dua ikaisha.